Mchezo wa mchanga, moto wa sokoni

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata maneno haya gazetini, juma hili naomba nizungumzie jambo ambalo wengi mtasema ni la kitoto. Nataka kuzungumzia mchezo wa mchanga. Sina maana ya mchanga ule wanaouchezea watoto uani baada ya mvua, bali mchanga wa kwenye kompyuta, usiochafua nguo wala kuingia machoni. Nina deni kuhusu mchezo huu. Deni lenyewe nililikopa redioni, basi ni haki nililipe redioni.

Tuanzie sokoni. Kama umewahi kusimama Mbeya wakati wa mavuno ukatazama gunia la mahindi likimwagwa juu ya turubai, umeona kwamba punje hazijipangi kama matofali. Zinajenga kilima. Kilima hicho hupanda mpaka mwinuko fulani, kisha punje huanza kuporomoka pembeni. Ukiongeza gunia la pili, kilima kinapanuka na kupanda, lakini mteremko wake unabaki ule ule. Hakuna fundi aliyekichora. Kila punje imefanya jambo moja tu: imeteremka mpaka ilipopata pa kukaa.

Mchezo wa mchanga uangukao ndiyo habari hiyo hiyo ndani ya kioo cha kompyuta. Ule uliokuja kujulikana sana ulitoka Japani mnamo mwaka 2005, ukawa unafunguka ndani ya ukurasa wa intaneti, bila kununua kitu chochote. Juu ya kioo cheusi zilimiminika chembe za namna nne: mchanga, maji, chumvi na mafuta. Mchezaji hakuwa na adui wa kumpiga wala magoli ya kuhesabu. Alichora ukuta, akapanda mmea, akawasha moto, kisha akatazama. Mafuta yalielea juu ya maji. Mmea ulikunywa maji ukakua. Moto ulikula mmea na mafuta, ukazimika ulipokosa cha kula.

Utauliza, kompyuta ilijuaje mambo hayo yote? Kwa hakika haikujua. Chukua daftari la hesabu lenye miraba midogo midogo, uweke chembe moja ya mchanga ndani ya mraba mmoja. Kanuni ni hii: kama mraba wa chini ni mtupu, shuka. Kama umejaa, tazama chini kushoto au chini kulia. Pakiwa patupu, teremkia huko. Kama pote pamejaa, tulia. Maji yana kanuni hizo hizo, ila yameruhusiwa pia kwenda pembeni, ndiyo maana yanasawazika na mchanga hausawaziki. Kompyuta hupitia mraba mmoja baada ya mwingine, mara nyingi katika kila sekunde, na mbele ya macho yako linatokea tuta, dimbwi au poromoko. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sidhani walikuwa na kompyuta mawazoni, lakini walikuwa wamelijua somo.

Sasa tuingie katika historia, maana mchezo huu haukuanzia kwa watoto. Chimbuko lake liko Los Alamos, Marekani, kwenye maabara ile iliyounda bomu la atomiki. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mtaalamu wa hesabu John von Neumann, mzaliwa wa Hungaria, alikuwa akijiuliza kama mashine inaweza kuzaa mashine nyingine iliyo sawa na yenyewe. Rafiki yake Stanislaw Ulam, mzaliwa wa Poland, akampa shauri: achana na vyuma na nyaya, fikiria karatasi ya miraba ambamo kila mraba unawatazama majirani zake, kisha unabadilika kwa kufuata kanuni. Shauri hilo ndilo mama wa yote yaliyofuata.

Mwaka 1970, John Conway wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alitoa mchezo wake alioupa jina la Maisha. Aliutafuta kwa kusogeza vijiwe kwenye ubao, mkono kwa mkono, kama wazee wetu wanavyosogeza kete za bao. Mraba wenye uhai ukizungukwa na majirani wawili au watatu walio hai, unaishi. Mraba mtupu wenye majirani watatu kamili, unazaa. Kinyume cha hapo ni kifo au utupu. Basi, ni hivyo tu! Lakini kutokana na kanuni hizo yalitokea maumbo yanayotembea, yanayopigana na yanayozaana. Jarida la Scientific American liliutangaza mchezo huo Oktoba mwaka ule ule, na watu wakawa wanaiba muda wa kompyuta za ofisini ili wautazame. Nani alisema watu wazima hawachezi?

Mwaka 1987 wanafizikia watatu waliokuwa kwenye maabara ya Brookhaven, Marekani, yaani Per Bak, Chao Tang na Kurt Wiesenfeld, waliandika juu ya tuta la mchanga la kufikirika. Dondosha chembe moja moja kwenye miraba. Mraba ukifikisha chembe nne, unazigawa kwa majirani wake wanne, moja moja. Mcheza bao angelitambua jambo hili mara moja, maana ndivyo kete zinavyosambazwa shimo hadi shimo. Wataalamu hao walionyesha kwamba tuta hilo hufika mahali ambapo chembe moja inaweza isifanye lolote, au ikaangusha upande mzima, na chembe yenyewe haina tofauti na zile zilizotangulia. Wengine wakalitumia wazo hilo kuelezea matetemeko ya ardhi na mioto ya misitu.

Je, sisi wakati huo tulikuwa wapi? Tusifichane. Mwaka 1974, Serikali yetu ilipiga marufuku kuingizwa nchini kwa kompyuta na televisheni. Ilikuwa na sababu zake. Mpango wa kuendesha hesabu za Wizara ya Fedha kwa kompyuta ulikuwa umekwenda mrama na kula fedha nyingi, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Nami siwacheki viongozi wa wakati ule. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini zuio hilo lilidumu mpaka lilipokuja kulegezwa na hatimaye kuondolewa katika miaka ya mwanzo ya 1990. Televisheni ikaanza kurushwa Tanzania Bara mwaka 1994. Kwa hiyo, wakati vijana wa kwingineko walikuwa wakiuchezea mchezo wa Conway, huku kwetu kompyuta ilikuwa kitu cha kusikia. Na ilipokuja, ilikuja na heshima kubwa mno: ilifunikwa kitambaa, ikawekewa feni, na anayeigusa akaulizwa ana shughuli gani.

Heshima hiyo ndiyo niliyoikuta katika intaneti kafe moja ya Mbeya mwaka 2007. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza stashahada ya uandishi wa habari, nina kinasa sauti kipya na majivuno mengi. Nusu saa ilikuwa shilingi 500, na mtandao ulikuwa wa kinyonga, kwa sababu mkongo wa baharini wa SEACOM ulikuwa haujafika Dar es Salaam. Ulifika mwaka 2009. Unabofya, unasubiri, unatazama dirishani, unarudi. Watu walikuja pale kufungua barua pepe, kuangalia matokeo ya mitihani na kuandika maombi ya kazi.

Kwenye kompyuta ya pembeni kabisa alikaa kijana wa miaka kama 17. Siku tatu mfululizo nilimkuta pale. Kwenye kioo chake palikuwa na mchanga ule wa Kijapani, ila yeye hakuwa akimimina mchanga. Alikuwa amechora mistari ya mimea ya kijani, mstari chini ya mstari, kisha akawasha moto kwenye kona. Moto ukapita, mimea ikaisha. Akafuta. Akachora tena. Nilimuuliza anafanya nini.

"Naangalia moto unavyopita, kaka," akanijibu bila kugeuka.

Nilicheka. Kisha nikaenda kuandaa maoni ya dakika tano juu ya vijana wanaokula fedha za wazazi kwa kuchezea moto wa bandia, wakati mji wao umetoka kuunguzwa na moto wa kweli. Maana hamjasahau, ndugu zangu wa Mbeya, kwamba mwishoni mwa mwaka 2006 soko la Mwanjelwa liliteketea, na watu waliolala wakiwa na mitaji waliamka wakiwa na majivu. Niliona nimepata mfano mzuri. Sikulitaja jina la kijana, lakini niliitaja mtaa ilipo kafe, kona aliyokaa na rangi ya sweta lake. Maoni yale yalisifiwa sana. Mwenye kafe akabandika karatasi ukutani: MICHEZO MARUFUKU. Kijana sikumwona tena, nami sikumwulizia.

Ikapita miaka kumi. Agosti 2017, soko la SIDO, pale pale Mwanjelwa, nalo likateketea. Nilikwenda kurekodi sauti za wafanyabiashara. Mama mmoja aliyekuwa akichambua mabati yaliyojikunja, nilipomwambia shikamoo, aliacha kazi akanitazama.

"Marahaba, mwanangu. Sauti hii naijua. Si wewe uliyemsema mtoto wangu redioni?"

Ndugu msomaji, mtu wa redio husifiwa kwa sauti yake. Siku ile nilitamani niwe na sauti ya mtu mwingine. Yule mama hakunigombeza. Alinieleza tu. Meza yake ya nguo za mitumba iliungua mwaka 2006. Baada ya hapo mwanawe alizunguka kwa wafanyabiashara akiwauliza kila mmoja meza yake ilikaa wapi, akachora safu zote kwenye daftari. Alitaka kujua kwa nini safu moja ilibaki nusu wakati nyingine ziliisha. Ule mchezo wa mchanga aliuona kwa bahati, akaona unaweza kumjibu. Baba yake mdogo, aliyekuwa akimpa fedha ya kafe, aliyasikia maoni yangu, akalijua sweta. Daftari likatiwa jikoni. Kijana akaenda Tunduma kupakia mizigo kwenye malori.

"Alikuwa anasema, mama, tukiacha njia hapa na hapa, haupiti," alisema yule mama, akaendelea na mabati yake.

Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma, na niliyoyasoma yamenifanya nione aibu zaidi. Kumbe swali la kijana yule lilikuwa limeshaulizwa na wataalamu. Mwaka 1957, Waingereza wawili, Broadbent na Hammersley, walianzisha tawi zima la hesabu kuhusu jinsi kitu kinavyopenya ndani ya kingine kupitia nafasi zilizoungana. Baadaye hesabu hizo zikatumika kwa moto. Tawanya miti bila mpangilio kwenye miraba, uruhusu moto uruke kwa majirani wanne tu. Miti ikiwa pungufu ya takriban 59 katika kila miraba 100, moto hufia njiani. Ikizidi hapo, moto unavuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Haupungui polepole kadiri miti inavyopungua; kuna mpaka, na ukiuvuka mpaka huo hali inageuka ghafla. Mti mmoja mmoja hauna kosa. Kosa ni kuungana kwao.

Nisije nikaeleweka vibaya. Soko si karatasi ya miraba. Kuna upepo, kuna nyaya za umeme, kuna mitungi ya gesi na mabanda ya mbao yaliyobebana, na ile 59 ni ya hesabu, haipimi meza za mitumba. Mchezo hauwezi kushika nafasi ya Zimamoto. Lakini wazo la kijana lilikuwa sahihi, na wakulima wa miti wanaliishi kila siku. Panda basi Mbeya kuelekea Iringa, upite Makambako, ukifika Mafinga utaingia kwenye shamba la miti la Sao Hill. Katikati ya misindano ile utaona vipande virefu vya ardhi vilivyoachwa vitupu. Mgeni hudhani ni uvivu wa kupanda. Ni barabara za kuzuia moto. Ardhi ile isiyozaa mti hata mmoja ndiyo inayolinda miti yote mingine. Kijana wa miaka 17 alilifikia jambo hilo kwa shilingi 500 za nusu saa, nami nikamwita mpotezaji wa muda.

Endelea na safari hiyo hiyo. Ukiwa umebakiza kilomita kama 20 kufika Iringa mjini, utakuta Isimila, penye zile nguzo za udongo zilizosimama korongoni kama minara. Zana za mawe za watu wa kale zilitambuliwa pale mwaka 1951, na mwaka 1957 na 1958 Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago aliongoza uchimbaji. Umri wake umekadiriwa kuwa miaka ipatayo 260,000. Zamani palikuwa na ziwa la kina kifupi. Mchanga na udongo vilitua humo tabaka juu ya tabaka, na baadaye maji yakakata korongo tunaloliona.

Mwaka jana nilikuwa pale wakati kundi la wanafunzi wa shule ya msingi likiongozwa na mwalimu wao. Mtoto mmoja aliuliza tunajuaje kwamba jiwe la chini ni la zamani kuliko la juu, na wote hatukuwapo. Mwalimu alieleza vizuri, lakini niliona macho ya watoto yako kwenye nguzo. Nikamwomba ruhusa, nikatoa simu. Siku hizi iko michezo ya namna ile inayofunguka kwenye simu, mmojawapo ni Sandspiel wa Mmarekani Max Bittker. Nilimimina mchanga ndani ya maji, nikaweka mstari wa mawe, nikamimina mchanga tena. Yule mtoto akaangalia, akasema, "Kilichotangulia kuanguka ndicho kiko chini." Ilichukua nusu dakika. Walipouliza korongo lilikatwaje, mchanga wangu ulishindwa kumomonyoka, na mwalimu akaendelea kwa maneno. Hivyo ndivyo inavyopasa: chombo kifanye kinachoweza, mwalimu amalizie.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mchezo wenyewe aliouchezea kijana wa Mbeya hauwezi tena kufunguka kama zamani. Ulitegemea programu za Java ndani ya ukurasa wa intaneti, na kati ya mwaka 2015 na 2017 vivinjari vikubwa viliacha kuzipokea. Kafe nyingi za wakati ule nazo zimefungwa, simu zimechukua nafasi yake. Upande mwingine, wazo limekua. Wafini wa kampuni ya Nolla Games walikamilisha mwaka 2020 mchezo uitwao Noita, ambamo kila nukta ya kioo ni chembe inayoweza kuungua, kuyeyuka au kutiririka. Watu wamelipwa kwa kazi hiyo. Kumbe kutazama moto unavyopita ni kazi.

Nimefikiri sana juu ya mwaka 1974 na juu ya karatasi ile ya MICHEZO MARUFUKU. Naona ni woga mmoja: woga wa kudhani kwamba mashine ni ya shughuli tu, na kwamba shughuli ni ile tu tuliyoizoea. Wazazi wana haki ya kuhofia, maana iko michezo inayokula akili na iko inayokula fedha, hasa hii ya kubahatisha iliyojaa kwenye simu. Mimi sisemi kila mchezo ni shule. Nasema tofauti haionekani kwa kutazama mgongo wa mtoto aliyekaa mbele ya kioo. Inabidi uvute kiti, ukae, uulize, kisha usicheke kabla hujasikia jibu la pili. Mimi niliuliza mara moja tu, na nilikuwa na kinasa sauti mkononi.

Kwa wenzangu wenye meza sokoni, pale Mwanjelwa na kila mahali, nawaachia maneno ya yule mama: njia hapa, na hapa. Najua kila hatua ya ardhi ina kodi na ina mteja. Lakini nafasi tupu si hasara. Waulizeni wa Sao Hill.

Na kwako kijana, ambaye sasa ni mtu mzima, uwe ungali Tunduma au kwingineko. Majuto ni mjukuu. Nilikusema mbele ya watu wote, basi na mbele ya watu wote nakuomba radhi. Hukuwa ukicheza. Na hata kama ulikuwa ukicheza, ulikuwa umewahi kulielewa jambo ambalo mimi nililielewa baada ya soko la pili kuungua.

Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.